Kifurushi cha Tisini na Moja

Kaka yangu ana miaka hamsini na mmoja, na ukimuuliza jirani yake wa mlango wa pili anafanya kazi gani, atakwambia anauza vifurushi vya simu. Kosa ni la kaka mwenyewe. Siku aliyohamia pale, jirani alimuuliza kwa adabu shughuli yake, naye badala ya kusema yuko chuoni kama mtu mwenye akili timamu, akajibu, "Natunza vifurushi." Basi. Tangu hapo watu humgongea mlango wakitaka intaneti ya wiki, na kwa kuwa hajui kufukuza mtu, hutoka na kandambili zake na kuwaelekeza duka la kona. Wanamwita Bwana Vifurushi. Nadhani jina hilo analipenda, maana ni jina la mtu anayegongewa mlango.

Ana vyumba viwili juu ya duka la kutoa fotokopi. Mashine za chini zikianza kazi asubuhi, sakafu yake hutetemeka na vikombe hugongana kabatini. Sebuleni kuna meza, kompyuta mbili, kiti cha magurudumu matano kilichobaki na manne na kipande cha ubao, na kochi ambalo sijawahi kuona limekaliwa na mtu mwingine zaidi yangu. Aliwahi kuoa. Waliishi miaka minne, wakaachana bila kelele. Siku wifi yangu anaondoka aliniambia kwamba kuishi na kaka yako ni sawa na kuishi na kabati: lipo, lina faida, ila hata ulisemeshe vipi halijibu. Nilimkasirikia sana. Siku hizi namwelewa, ingawa sijamsamehe.

Mimi ni fundi cherehani na ninaishi mji mwingine, mwendo wa saa nne kutoka kwake. Hisabati yangu inaishia kwenye futi ya kupimia nguo. Kwa hiyo haya nitakayoyaeleza nimeyaelewa kwa kuelezwa mara tatu tatu, na mkinikuta nimekosea, mlaumiwe ninyi mliosoma.

Chuoni kaka ni fundi wa maabara ya kompyuta. Ana mashine arobaini chini yake, na mimi ndiye niliyezishonea mifuniko ya vumbi kwa bitana za mapazia. Miaka tisa iliyopita walimu wa hisabati walitaka programu ya kutatua milinganyo na kuchora grafu, na ile ya kununua chuo hakikuiweza. Kaka akatafuta, akapata ya bure. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, wametapakaa duniani, wengi hawajawahi kuonana. Kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyoundwa ndani, kuirekebisha na kuwagawia wenzake.

Ila programu hiyo si kitu kimoja. Ni vifurushi tisini na vinne vya watu mbalimbali. Kimoja kinavunja namba ndefu, kimoja kinachora, kimoja kinahifadhi maumbo ya herufi zinazoandikwa kando ya mchoro. Cha kuchora hakifanyi kazi bila hicho cha herufi, na cha herufi nacho kinamtaka mwenzake aliye chini yake. Ukivisakinisha ovyo, kimoja kabla ya kile kinachokitegemea, kazi inagoma. Nilimwelewa aliponiambia kwamba huwezi kutia zipu kwenye sketi ambayo kitambaa chake hujakikata. Lazima basi awepo mtu wa kutunza orodha: kipi kianze, kipi kifuate, kipi kinahitaji nini, na toleo gani la hiki linapatana na toleo gani la kile. Kompyuta inaisoma orodha hiyo mstari kwa mstari na kuvifuata vifurushi kwenye intaneti kwa mpangilio huo. Aliyekuwa akiitunza alichoka, akaaga. Kaka akanyoosha mkono.

Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna aliyemlipa. Aliifanya kazi hiyo saa ya chakula cha mchana pale maabara, na Jumamosi kutwa nzima nyumbani. Mara mbili kwa mwaka wanatoa toleo jipya, na kabla ya kulitoa kaka huwa na wiki sita za kupatanisha vifurushi visivyopatana, kazi ya mshenga kabisa, huku anamwandikia huyu, kule anambembeleza yule.

Sasa sikilizeni adhabu ya kazi hiyo. Orodha ikiwa sahihi, hakuna anayejua kwamba ipo. Mtu anabonyeza, anaenda kunywa chai, anarudi anakuta programu tayari, anaanza hesabu zake. Nani atamwandikia mtunza orodha kumwambia kwamba hakuna lililotokea? Wanamwandikia wakikwama tu. Kwa hiyo kadiri kaka alivyoifanya vizuri kazi yake ndivyo alivyosahaulika, na baada ya miaka mitano aliifanya vizuri mno. Toleo likitoka, alikaa mbele ya kompyuta siku nzima akisubiri barua, na siku ikipita bila barua, alijua amefaulu. Aliniambia hayo akicheka. Kaka yangu si mtu wa kucheka.

Nami sina haki ya kuwasema hao watu. Miaka yote hiyo nilimpigia simu pale simu yangu ilipogoma, au mteja alipotaka risiti ya kuchapwa. Akishanitengenezea, nilisema asante kaka, na tukaonana tena kitu kingine kilipoharibika.

Mwaka wa sita alisahau kweli. Alipokuwa akihamisha mistari, jina la kile kifurushi cha herufi likamponyoka, na orodha ikatoka bila jina hilo. Wenye mashine za zamani hawakuona tofauti, maana kifurushi chenyewe walikuwa nacho tangu matoleo ya nyuma. Waliokwama ni wageni, wale wanaosakinisha kwa mara ya kwanza. Kompyuta zao zilienda vizuri mpaka kifurushi cha tisini na moja, cha kuchora, zikasimama na kuandika: kimeshindwa, wasiliana na mtunza orodha. Chini yake ilikuwepo anwani ya kaka.

Zikaja barua sitini na tatu kwa siku mbili. Kaka alizijibu zote, nyingine kabla hazijamaliza dakika tano. Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa kunakili. Na wale watu, kwa kuwa walitarajia kupuuzwa, walishangaa, wakaandika tena kushukuru. Injinia mmoja mstaafu alimweleza habari ya goti lake lililofanyiwa upasuaji. Mama mmoja aliyerudi shule na wajukuu tayari anao alimwuliza kama kweli inawezekana kujifunza hesabu ukubwani. Mwingine alimwuliza kwao mvua imenyesha. Kaka aliniambia kwamba wiki ile alikuwa akiamka kabla ya mashine za fotokopi.

Akalirudisha jina. Toleo lililofuata lilikuwa safi. Kimya.

Kabla ya toleo la baada ya hapo, Jumamosi moja, aliifungua orodha, akaufikia mstari wa kifurushi cha kuchora, akalitazama lile jina la kifurushi cha herufi, akalifuta. Safari hii hakusahau. Akaandaa jibu kabisa, dawa ya mstari mmoja, akaliweka pembeni likingoja. Alijiambia hakuna anayeumia. Mtu anakwama, anaandika, baada ya dakika tano anaendelea na safari yake, na kaka anabaki na barua. Baada ya siku tatu angelirudisha jina kwenye orodha na kusema limerekebishwa. Alifanya hivyo mara tatu, katika mwaka mmoja na nusu. Wenzake wote walikuwa na mashine za zamani, hakuna aliyenusa kitu. Tena wakawa wanamsifu pale jukwaani, mahali wanapoandikiana wote, kwamba hakuna mtunzaji anayejibu watu haraka na kwa upole kama yeye.

Nikiwaza hapo moyo unaniuma hadi leo. Mtu mzima, kaka yangu wa damu, anatega kikwazo mlangoni ili wapitao wasimame wamsalimie.

Barua iliyomaliza mambo ilikuja miezi minne baada ya toleo la tatu, siku ambayo hakuwa akitegemea barua yoyote. Iliandikwa na mwalimu wa hisabati wa shule moja ya mbali, mwanamke. Shuleni kwao kuna umeme na kompyuta kumi na mbili za kupewa, lakini intaneti hakuna. Wakati wa likizo alikuwa amesafiri nusu siku hadi mjini, akaipakua programu nzima kwenye diski ya kubebea, akarudi nayo. Aliipakua siku ya kwanza baada ya toleo kutoka, katika zile siku tatu za kaka.

Alikwama kwenye cha tisini na moja. Pale alipokuwa hakuwa na njia ya kumwandikia mtu, mpaka likizo iliyofuata alipofika tena mjini.

"Ndugu mtunza orodha," aliandika, "samahani kwa kukusumbua. Nadhani kuna mahali nimekosea, ila nimeshindwa kupaona." Akaambatisha jedwali alilolichora kwa rula na kulipiga picha. Majaribio saba. Tarehe, kompyuta ipi, saa ngapi imesimama, kifurushi cha ngapi, na katika safu ya mwisho namba tisini na moja imerudiwa mara saba. Alieleza kwamba alikuwa amechapa orodha yote na kuisoma kila mara, mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Lakini utaonaje jina ambalo halikuandikwa? Alikuwa amewaahidi wanafunzi kumi na wanane kuwafundisha baada ya vipindi. Baada ya jaribio la nne wakabaki tisa, baada ya la sita wakabaki wawili. Mkuu wa shule akaona chumba hakina kazi, akakijaza madawati mabovu. Alichoomba mwalimu ni kujua tu alipokosea, ili ajue kama aendelee au awaachie wanaoweza.

Kaka alikaa na barua ile siku tatu bila kujibu, yeye ambaye hujibu kwa dakika tano. Kisha akanipigia simu Alhamisi saa tano asubuhi, mimi nikiwa na pini mdomoni na mteja amesimama mbele yangu na mkono mmoja wa gauni. Kaka huwa hapigi simu. Nilizitema pini.

"Kaka, kuna msiba?"

"Hapana. Kuna barua."

Akanisimulia yote, tangu jina lililomponyoka. Mteja wangu alichoka kusimama, akaketi. Mwanzoni nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani ni utundu tu. Aliponisomea lile jedwali nikaacha kucheka, nikakasirika, na hasira yangu ikageuka kuwa ushauri mbaya. Nilimwambia ampe huyo mwalimu dawa yake ya mstari mmoja, aseme alisahau, yaishe. Nani hasahau? Nilijua kabisa ninalomwokolea. Pale chuoni yeye ni mtu wa kufuta vumbi na kubadilisha nyaya, hata jina lake la pili hawalijui. Pale kwenye ngazi yeye ni muuza intaneti asiye na intaneti. Mahali pekee duniani panapomjua kwa kazi yake ni hiyo orodha, na akisema ukweli wangemnyang'anya, tena kwa haki. Nikamwuliza kama ameshafikiria atabaki na nini.

Akasema, "Yeye ameandika kwamba aliyekosea ni yeye."

Nikarudi kwenye gauni la watu, na mkono nikaushona kinyume.

Ijumaa alimwandikia mwalimu. Juu aliweka dawa, ili mtu asilazimike kusoma mengine ndipo apone. Chini yake akaeleza. Kisha akaenda jukwaani, mbele ya wote, akaandika sentensi chache ambazo baadaye alinisomea: "Jina la kifurushi cha herufi halikusahaulika. Nililifuta kwa makusudi katika matoleo matatu, ili watu waniandikie. Kuna mwalimu aliyepoteza miezi minne na wanafunzi kumi na sita kwa sababu yangu. Wako wengine ambao hawakuweza kuandika, na hao siwajui." Hakuongeza udhuru. Hata upweke wake hakuutaja, na kama angeniuliza, ningemwambia autaje.

Mratibu wao, mtu ambaye wamefanya kazi pamoja miaka tisa bila kusikiana sauti, alimjibu kwa mstari mmoja kwamba wameiona na wanaomba asiguse orodha mpaka watakapoamua. Nywila yake ya kuingilia ikazimwa saa hiyohiyo. Halafu kimya cha siku tisa. Safari hii kimya hakikumaanisha kwamba amefaulu.

Nilikuwa nampigia kila jioni baada ya kufunga duka. Hatukuwa na mazoea hayo, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa magumu kama viatu vipya. Namuuliza amekula nini, ananiambia. Ananiuliza nimeshona nini, namwambia. Kisha tunasikilizana tukipumua mpaka mmoja anasema haya, usiku mwema. Siku ya tano aliniambia kwamba Jumamosi imempita akiwa ameketi kwenye kochi, na kwamba kumbe kochi lile lina springi iliyochomoza. Miaka kumi na minne hakuwa amelikalia.

Siku ya kumi simu yangu iliita saa ya chakula cha mchana.

"Wameniadhibu," alisema.

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Wamesema kuanzia leo sitatoa chochote peke yangu. Kila mstari nitakaouandika, lazima mtu mwingine ausome kwanza, auulizie, aukubali. Ndipo utoke." Akakohoa. "Wamenipa mtu, mdogo wangu."

Niliomba anisomee barua yenyewe, akanisomea. Ilikuwa barua kali. Ilisema imani imevunjika na haitarudi kwa maneno. Kulikuwa na mahali wameandika "aibu". Yeye alipita juu ya maneno hayo kama mtu anayeruka dimbwi, akarudia kunisomea ile sehemu ya mtu mwingine, mara mbili.

Nikamuuliza ni nani huyo. Ndipo sauti yake ilipopungua. Jukwaani hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Kusoma orodha ya vifurushi vya mwenzako mstari kwa mstari si starehe. Aliyejitokeza ni yule mwalimu. Aliandika kwamba ameisoma orodha hiyo mara saba kwa kalamu mkononi, kwa hiyo hadhani kuna mtu duniani anayeijua zaidi yake, ukimtoa aliyeiharibu. Kwa ajili ya kazi hiyo angekuwa anasafiri mjini kila Jumamosi ya pili. Hakusema amesamehe. Hakusema pia kwamba hajasamehe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona kaka, bila kitu chochote kilichoharibika, nikafika Jumamosi asubuhi. Nilimkuta amevaa shati la mikono mirefu lililonyooshwa, kola imefungwa mpaka juu, ameketi mbele ya kompyuta. Nikamtania kama anakwenda kuposa. Akasema leo ni siku ya ukaguzi, na akaniomba nisiketi upande wa dirisha, namzibia mwanga.

Saa sita na robo ujumbe uliingia. Nilisimama nyuma yake nikausoma. "Mstari wa sita. Kwa nini toleo la zamani?" Hivyo tu. Hakuna salamu, hakuna jina.

Kaka alivuta kiti akaanza kuandika. Nilikwenda kuinjika chai, maji yakachemka, nikamimina, nikarudi na vikombe viwili, bado anaandika. Skrini ilikuwa imejaa. Alikuwa ameeleza historia ya kifurushi kile tangu mwanzo, nani alikitengeneza, kwa nini waligombana juu yake. Halafu akawa ameuliza wanafunzi sasa ni wangapi. Aliuliza kama yale madawati yameshatolewa chumbani, na kama njia ya kwenda mjini ni mbaya wakati huu. Aliuliza mpaka kama mwalimu hupata mahali pa kula akifika. Niliyasoma yote kwa juu ya bega lake, nami katika maisha yangu yote sikuwa nimejua kwamba kaka yangu ana maswali mengi kiasi hicho.

Aliinua mikono, akayasoma kuanzia juu. Kisha akaanza kufuta. Alifuta toka chini kwenda juu, njia, madawati, wanafunzi, ugomvi, historia, mpaka ukabaki mstari mmoja: "Toleo jipya linagoma kwenye kompyuta za zamani kama za shuleni kwenu." Akautuma.

Dakika mbili baadaye likaja jibu. "Sawa. Mstari unaweza kutoka."

Nilimwuliza kwa nini amefuta yale mengine, yalikuwa mazuri. Alichukua kikombe chake, akakishika kwa mikono yote miwili bila kunywa, macho kwenye lile jibu fupi. Akasema mwalimu hakumwuliza hayo. Kisha akanivutia kiti chenye ubao niketi, yeye akabaki amesimama, akaanza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki kufika Jumamosi ya pili. Zilikuwa kumi na nne, naye alijua tangu mwanzo kwamba ni kumi na nne.